Gari lililopimwa kwa kapu la mayai

MWAKA 1936 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilianza kuunda gari ambalo sharti lake mojawapo lilikuwa la ajabu: livuke shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na lisivunjike hata yai moja. Sharti hilo lilitoka kwa mmoja wa viongozi wa kampuni, Pierre-Jules Boulanger, aliyetaka gari la kumtoa mkulima wa kijijini kwenye mkokoteni wa farasi. Masharti yake mengine yalikuwa kwamba libebe wakulima wawili na kilo 50 za viazi, liende kilomita 60 kwa saa, na lisinywe zaidi ya lita tatu za mafuta kwa kila kilomita 100.

Msomaji anaweza kuuliza magari ya kale ya Ulaya yanamhusu nini muuza nyanya wa Ilula au mfuga kuku wa Kibaha. Yanamhusu sana. Kila wiki mazao yaliyogharimiwa mbegu, mbolea, dawa na vibarua yanaharibika katika kilomita chache za mwisho kati ya shamba na barabara ya lami. Hayaharibiwi na wadudu wala ukame. Yanaharibiwa na mtikisiko. Tukizungumzia hasara baada ya mavuno tunataja maghala, vihenge na jokofu, lakini gari linasahaulika, kana kwamba gari ni gari tu mradi linatembea.

Tuchukue mfano mdogo. Mfanyabiashara anasafirisha trei 100 za mayai kwa safari moja, yaani mayai 3,000. Tuseme katika kila mayai 100 matano yanapasuka njiani. Hayo ni mayai 150, sawa na trei tano. Akienda sokoni mara mbili kwa wiki, kwa mwaka amepoteza trei 520. Trei ikiuzwa Sh8,000, hasara ni Sh4,160,000. Hata akiuza yaliyopasuka kwa bei ya kutupa kwa mama ntilie na wakaanga chipsi, sehemu kubwa ya fedha hiyo haimrudii. Anayetaka kujua hali yake mwenyewe aweke tarakimu zake badala ya hizi zetu. Hesabu haichukui dakika tano.

Turudi Ufaransa. Citroën ilikuwa imefilisika mwaka 1934 na kuchukuliwa na Michelin, watengenezaji wa matairi, ambao walifanya jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule: kabla ya kuchora gari walituma watu wakawaulize wananchi wanasafirije, wanabeba nini na wanaweza kulipa kiasi gani. Hadi mwaka 1939 magari 250 ya awali yalikuwa yametengenezwa. Yalikuwa na taa moja tu ya mbele, kwa sababu sheria ya Ufaransa haikudai zaidi ya hapo. Vita Kuu ya Pili ikaingia, maonyesho ya magari ya Paris ya mwaka huo yakafutwa, na gari likafichwa Wajerumani wasilione. Lilizinduliwa Oktoba 7, 1948 kwa jina la 2CV.

Waandishi wa magari walilicheka. Wengine walilifananisha na kopo. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 375, nguvu za farasi tisa, ndogo kuliko ya baadhi ya pikipiki tunazoziona barabarani leo. Pamoja na kucheka huko, watu walipanga foleni ya kulisubiri kwa miaka kadhaa, na kampuni ikawapa kipaumbele waganga wa vijijini, wakunga, mapadri na wakulima wadogo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na siri kubwa ya 2CV ilikuwa chini ya sakafu. Katika magari mengi kila tairi lina springi yake na linapambana na shimo lake peke yake. Tairi la mbele likipanda tuta, pua ya gari inainuka na mzigo unarushwa nyuma. Likishuka na la nyuma likapanda, mzigo unarushwa mbele. Nyanya zilizo chini ya tenga zinapigwa mara mbili kwa tuta moja. Katika 2CV tairi la mbele na la nyuma la upande mmoja yaliunganishwa kwa vyuma vilivyovuta springi zilizolazwa ndani ya bomba moja chini ya gari. Tairi la mbele lilipopanda tuta, sehemu ya nguvu ile ilipelekwa nyuma na kuinua mkia wa gari kabla tairi la nyuma halijafika kwenye tuta lenyewe. Bodi ikabaki karibu sambamba na ardhi. Zaidi ya hapo, kila tairi lilikuwa na kopo lenye uzito wa chuma ndani yake, unaocheza juu na chini kinyume na tairi ili lisidundedunde. Matokeo yake gari lililala sana kwenye kona hadi abiria wageni wakaogopa, lakini magurudumu hayakuiacha ardhi na mayai yakafika.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu hapa kwetu fundi anafanya kinyume chake. Mwenye kirikuu au pikapu iliyotumika akiinunua, jambo la kwanza anampeleka fundi aongeze majani ya springi nyuma ili ibebe lumbesa mbili tatu zaidi. Gari linabeba kweli. Lakini springi iliyokazwa kwa tani moja haikunji ikiwa na nusu tani, na safari ya nyanya, maziwa au mayai si safari ya saruji. Mmiliki anahesabu uzito aliouongeza na hahesabu mazao yaliyopondeka, kwa sababu hayo mara nyingi ni ya mtu mwingine. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo kiuchumi: mwenye gari analipwa kwa gunia au kwa tenga, na mtikisiko unalipwa na mkulima. Boulanger aliliundia gari mtu mmoja ambaye ndiye dereva, ndiye mkulima, na ndiye mwenye mayai.

Vipo vitu vingine katika 2CV ambavyo mtu wa gereji ya mtaani angevipenda. Injini ilipozwa kwa hewa, hivyo haikuwa na rejeta, wala mipira ya maji, wala pampu ya maji. Haikuwa na gasketi ya kichwa cha silinda. Anayejua ni magari mangapi yamekufa kwa kuunguza gasketi kwenye miinuko ya Kitonga ataelewa uzito wa sentensi hiyo. Haikuwa na distribyuta: plagi zote mbili zilipiga cheche kwa pamoja, moja ikifanya kazi na nyingine ikipiga bure, na kwa hiyo kifaa kimoja cha kuharibika kikapungua. Betri ikilala, gari liliwashwa kwa hendeli kutoka mbele, na hendeli hiyo hiyo ndiyo ilifungua nati za magurudumu. Boneti ya matoleo ya kwanza ilikuwa na mikunjo kama bati la nyumba, kwa sababu ile ile ya bati la nyumba: bati jembamba likikunjwa linakuwa gumu bila kuongezwa uzito wala gharama.

Paa lilikuwa turubai. Mkulima aliyetaka kubeba kabati au mche wa matunda alilikunja lote hadi nyuma na mzigo ukasimama. Viti viling'olewa kwa mkono, vikatumika kukalia shambani, na nafasi yake ikabeba magunia. Vioo vya milango ya mbele havikushuka kwa mashine, nusu ya chini ilikunjwa juu na kunasa. Kwa kuwa mzigo ukiwa nyuma gari huinama nyuma na taa zikamulika mawinguni, dereva aliwekewa kitufe cha kuzungusha ndani ili azishushe. Wapo madereva wa malori ya siku hizi ambao tungependa wakione kitufe hicho. Si kila ubunifu ulikuwa wa sifa: katika matoleo ya mwanzo waipa ziliendeshwa na waya wa spidomita, hivyo gari lilipotembea taratibu nazo zikafuta taratibu, hata mvua iwe ya masika.

Mwaka 1951 likaja toleo la kubeba mizigo la kilo 250. Kisha likaja la ajabu kuliko yote, lililoitwa Sahara, ambalo badala ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu manne kwa mitambo ya gharama liliwekewa injini ya pili nyuma. Lilikuwa na injini mbili, matangi mawili ya mafuta na swichi mbili za kuwashia. Injini moja ikifa jangwani, nyingine ilikurudisha nyumbani. Yalitengenezwa magari 694 tu, kwa kuwa bei yake ilikaribia ya magari mawili. Akili ya kiufundi pekee haimlazimishi mnunuzi kutoa fedha.

2CV la kawaida lilitengenezwa hadi Julai 1990, la mwisho likitoka kiwandani nchini Ureno, baada ya kuuzwa magari zaidi ya milioni 3.8 bila kuhesabu yale ya mizigo.

Ufaransa haikuwa peke yake. Nchini Uingereza mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya vita katika shamba lake kisiwani Anglesey, akaona haja ya gari la namna hiyo kwa wakulima. Chuma kiligawiwa kwa mgawo, hivyo bodi ikafanywa kwa aloi ya aluminiamu, ambayo haikushika kutu na ilinyooshwa kwa nyundo. Gari la kwanza la majaribio liliwekewa usukani katikati, kama trekta, wazo lililoachwa upesi. Kilichobaki ni mhimili wa kutoa nguvu ya injini nje ya gari, wa kuendesha pampu, msumeno au mashine ya kupura. Land Rover ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Wengi wetu tulilijua gari hilo kama la polisi, bwana shamba na daktari wa wilaya, na ni wachache wanaokumbuka kwamba lilizaliwa kama chombo cha shamba.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Unimog, iliyobuniwa na Albert Friedrich baada ya vita, iliwekewa magurudumu yaliyopishana kwa milimita 1,270. Kipimo hicho ni mistari miwili ya viazi. Tairi lilipita kati ya matuta bila kukanyaga zao. Ilikuwa na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 25 na sehemu ya kupakia mzigo nyuma, ikalima asubuhi na kupeleka mazao sokoni mchana kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao trekta la wakati ule halikuuota. Na kabla ya hao wote kulikuwa na Ford Model T ya Marekani, iliyotengenezwa toka 1908 hadi 1927 kwa idadi ya milioni 15, ikiwa imenyanyuka juu ya barabara za udongo. Wakulima waliipiga jeki nyuma, wakafunga mkanda kwenye gurudumu na kuendesha misumeno na mashine za nafaka. Mafuta yalishuka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo kwenye mlima mkali tangi likiwa karibu tupu, dereva aligeuza gari na kupanda kinyumenyume.

Ubunifu mwingine ulikuwa mzuri na bado haukumfaa mkulima. Mwaka 1955 Citroën hiyo hiyo ilitoa gari la DS, ambalo badala ya springi za chuma lilitumia gesi na mafuta yenye shinikizo. Dereva alisogeza wenzo na gari likapanda au kushuka. Mzigo ukiongezwa nyuma, lilijinyanyua lenyewe. Mwaka 1962 Rais Charles de Gaulle aliponusurika kuuawa karibu na Paris, DS aliyokuwamo iliendelea kukimbia ingawa matairi yake yalikuwa yamepigwa risasi. Hata hivyo mitambo ile ilihitaji mafuta maalumu, usafi wa hospitali na fundi aliyesomea. Mpira mmoja ukivuja, gari linalala chini kama ngamia. Tunaliona jambo hili leo katika magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini yakiwa na mitambo ya umeme ambayo hakuna mtu wilayani anayeweza kuisoma.

Afrika imekwisha kujaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Citroën ilisambaza gari la FAF, lililojengwa juu ya mitambo ya 2CV kwa mabati bapa yaliyokunjwa, ili nchi kama Guinea-Bissau na Senegal ziliunganishe bila mashine kubwa za kufinyanga bodi. Halikuuzika sana. Mwingereza Tony Howarth aliunda Africar, bodi yake ikiwa ya mbao za plaiwudi zilizolowekwa kwenye gundi ngumu, na mwaka 1984 magari yake yalisafiri toka Aktiki hadi Ikweta. Gari lilifika, lakini kampuni ilianguka mwaka 1988. Kenya ilikuwa na Nyayo Pioneer, lililoanza kwa agizo la Rais Daniel arap Moi mwaka 1986. Magari matano ya majaribio yalionyeshwa mwaka 1990 na halikuingia sokoni. Miaka ya karibuni Mobius Motors ya Nairobi iliunda gari lililoachana na madoido ili lihimili barabara mbovu, nayo Agosti 2024 ikatangaza kufilisiwa kwa hiari.

Kwa maoni ya safu hii, chanzo cha kushindwa huko si ukosefu wa wabunifu. Mnunuzi wa Afrika Mashariki halinganishi gari jipya la hapa na gari jipya la nje. Analinganisha na gari la Japani lenye umri wa miaka saba au zaidi, ambalo gharama ya kulibuni imekwisha kulipwa na mtu wa Osaka. Hakuna kiwanda kidogo kinachoweza kushindana na bei hiyo. Citroën ya 1948 haikuwa na mshindani wa namna hiyo. Mshindani wake alikuwa farasi. Kwa hiyo wanaodai kila mwaka wa bajeti kwamba tuanze kuunda magari yetu wenyewe wanaomba jambo ambalo hesabu yake haijakaa sawa.

Kinachowezekana ni kidogo kuliko hicho na faida yake ni ya karibu zaidi. Gari la Japani linakuja na chasisi na injini. Sehemu inayobeba mazao, yaani bodi ya nyuma na springi zake, inatengenezwa au kubadilishwa hapa hapa, na mafundi wetu, kwa vipimo vya kukisia. Hapo ndipo Nyumbu ya Kibaha, CAMARTEC ya Arusha na SIDO wanapotakiwa kuingia. Tunapendekeza watoe michoro ya wazi ya bodi za mazao laini kwa magari yaliyo mengi barabarani: pikapu, kirikuu na guta la injini. Michoro hiyo ioneshe rafu za kupanga makreti ili tenga la chini lisibebe uzito wa matenga manne, matundu ya hewa, na idadi ya majani ya springi kwa kila uzito wa mzigo. Fundi wa Makambako akipata mchoro huo hahitaji kiwanda. Anahitaji mashine ya kuchomelea, ambayo anayo.

Aidha, vyama vya ushirika vya msingi vinavyokodi magari ya wanachama vibadili namna ya kulipa. Badala ya nauli kwa tenga lililopakiwa, vilipe kwa tenga lililofika zima. Mwenye gari atalalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili atakwenda mwenyewe kwa fundi kutoa yale majani ya springi aliyoyaongeza. Mkataba unahitaji karani wa kupokea mzigo sokoni, na hiyo ni gharama, lakini kwa zao kama nyanya ni ndogo kuliko inayopotea sasa. Kwa mahindi na maharage hatushauri hivyo. Hayo hayadhuriwi na mashimo, na springi ngumu ndiyo inayoyafaa.

Serikali nayo ina lake. Ushuru wa magari yaliyotumika umepangwa kwa umri na ukubwa wa injini, na Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka minane. Vigezo hivyo vinalinda hewa na mapato, lakini havimwangalii anayebeba maziwa. Nafuu ya ushuru kwa vifaa vya kusafirishia mazao, makreti ya plastiki na mikebe ya maziwa ikiwamo, ingemfikia mkulima upesi kuliko nafuu ya matrekta ambayo wengi wao hawatayanunua.

Kwa anayekusudia kununua gari msimu huu bila kusubiri taasisi wala bajeti, lipo jaribio la bei nafuu. Siku ya kulijaribu, usilizungushe kwenye lami ya muuzaji. Omba kulipeleka kwenye barabara yako ya shambani, upakie nusu ya mzigo utakaobeba kwa kawaida, kisha uweke trei mbili za mayai nyuma kabisa, juu ya ekseli, ambako mrusho ni mkali. Jaza upepo wa tairi kadiri kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza, maana wengi hujaza hadi tairi linakuwa jiwe na kuisingizia springi. Nenda kilomita tano, shuka, hesabu yaliyopasuka. Kisha fanya hivyo hivyo kwa gari la muuzaji wa pili, kwa barabara ile ile na mwendo ule ule. Trei mbili ni Sh16,000, na mayai yaliyosalia unarudi nayo nyumbani.